Mcheza Kwao Hutunzwa: Tuwaenzi Wanaobuni kwa Ajili ya Wanyonge



Kila mwaka shule zinapofungwa kwa likizo ndefu ya mwisho wa mwaka, watoto wengi wa Tanzania hufurahi. Huenda kwa bibi, hula maembe, hulala hadi jua lichomoze. Lakini katika sehemu kadhaa za mkoa wetu wa Mara wapo wasichana ambao kwao likizo hiyo ni majira ya hofu. Wanajua kwamba mipango imekwisha kufanywa, ngariba amekwisha kutafutwa, na ng'ombe wa mahari wamekwisha kuhesabiwa kabla wao wenyewe hawajaulizwa neno. Baadhi yao hukata shauri kukimbia, na mara nyingi hukimbia usiku.

Tuseme msichana mmoja wa namna hiyo amepata simu ya jirani mwenye huruma, akapiga kuomba msaada. Anaulizwa: uko wapi, mwanangu? Anataja kitongoji chake. Jina hilo analijua yeye, mama yake na majirani zake. Halimo katika ramani yoyote ambayo dereva wa gari la polisi anaweza kuisoma. Njia haina kibao. Inagawanyika mara tatu kabla ya kufika mlimani, na mvua za vuli zimejaza mto. Gari linazunguka hadi alfajiri, na kufikia saa hiyo ngariba amekwisha kumaliza kazi yake. Hapo sheria ilikuwepo, polisi walikuwepo, gari lilikuwepo na nia njema ilikuwepo. Kilichokosekana ni mchoro.

Tahariri hii inahusu watu wanaotengeneza michoro ya namna hiyo. Nasema michoro kwa maana pana: ramani, mpango wa nyumba, mteremko wa kupandia kiti cha magurudumu, kisima kilichowekwa mahali panapofaa. Ni watu wa kwetu, viongozi katika jumuiya zetu, ingawa wengi wao hawana cheo wala ofisi. Wameutumia ubunifu ili aliye chini apate nafasi sawa na aliye juu. Na ninataka kuuliza, kwa unyenyekevu lakini bila kumung'unya maneno, kwa nini sisi watu wa Musoma, Bunda na Butiama tunawachelewesha sana heshima yao.

Mama mmoja na ramani

Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 ilifanya ukeketaji wa msichana aliye chini ya umri wa miaka 18 kuwa kosa la jinai, na adhabu yake ni kifungo cha miaka 5 hadi 15. Hata hivyo, utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2015–16 ulionyesha kwamba katika mkoa wa Mara wanawake 32 katika kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wamekeketwa, wakati kwa nchi nzima walikuwa 10 katika kila 100. Maana yake ni kwamba karibu miaka 20 baada ya sheria kutungwa, mkoa wetu ulikuwa bado unabeba mzigo wa zaidi ya mara tatu ya ule wa taifa. Sheria imeandikwa kwenye karatasi. Haina miguu ya kutembea hadi kitongojini. Lazima mtu aitafutie miguu.

Mmoja wa walioitafutia miguu ni Mama Rhobi Samwelly. Habari zake si siri, maana mwenyewe amezisimulia mbele ya watu mara nyingi: alikeketwa akiwa msichana mdogo, akavuja damu nyingi hata akakaribia kufa, akaapa kwamba akiishi atawapigania wengine yasiwapate hayo. Mwaka 2014 ndugu zetu wa Dayosisi ya Mara ya Kanisa Anglikana walifungua nyumba salama mjini Mugumu, wilayani Serengeti, naye akawa msimamizi wake. Baadaye, mwaka 2017, akaanzisha shirika la kutetea wasichana na wanawake, ambalo limekuwa na nyumba salama Mugumu na nyingine wilayani Butiama. Ndani ya nyumba hizo wasichana hulala kwa amani, huendelea na masomo au hujifunza ufundi kama vile ushonaji, na hurudishwa kwao pale tu wazazi wanapokubali na kuahidi kutowatendea ukatili huo.

Lakini jambo ninalotaka tulitazame zaidi leo ni ramani. Mwaka 2015 ulianza mradi wa kujitolea uitwao Crowd2Map, wa kuchora vijiji vya Tanzania ambavyo vilikuwa karibu havionekani katika ramani za kawaida. Namna ya kazi yenyewe ni hii. Watu wa kujitolea, walio hapa nchini na walio ng'ambo, hufungua picha zilizopigwa na setilaiti, wakafuatisha kwa mkono kila barabara, kila njia ya miguu na kila paa la nyumba wanaloliona. Hapo ramani inakuwa na mistari, lakini haina majina. Picha iliyopigwa kutoka angani haiwezi kujua kwamba kijumba hiki ni zahanati na kile ni duka la mangi. Ndipo wenyeji wanapoingia kazini, wakipita na simu zao kijiji kwa kijiji, wakijaza jina la kitongoji, la shule, la kanisa, la msikiti na la kisima. Ramani ikikamilika huwekwa katika OpenStreetMap, ramani ya dunia iliyo wazi kwa kila mtu, iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004. Tena inaweza kuhifadhiwa ndani ya simu na kusomwa hata mahali pasipo na mtandao.

Mama Rhobi na wenzake walikuwa miongoni mwa walioona mapema faida ya kazi hiyo. Msichana anayetaja kitongoji chake usiku sasa anaweza kutafutwa kwa jina hilo hilo, na dereva akaongozwa. Aidha, katika vijiji vya Serengeti na Butiama walifundishwa wanakijiji, wengi wao wanawake, kutumia simu kutoa taarifa za hatari na za ukatili. Mwanamke ambaye jana hakuitwa hata kwenye kikao cha kisima, leo ndiye macho na masikio ya kijiji chake.

Fikirini jambo hili. Barabara za Hifadhi ya Serengeti zilichorwa zamani kwa ajili ya watalii, na mgeni aliyetoka mbali aliweza kuelekezwa mahali pa kuwaona simba. Nje kidogo ya mpaka wa hifadhi, msichana wa Kitanzania hakuweza kuelekeza gari la polisi hadi nyumbani kwao. Yule aliyekaa na kusema kwamba hata njia ya kwenda kwa msichana huyu ichorwe, amefanya tendo la haki. Hakupiga kelele jukwaani. Alichora.

Ubunifu ni nini, na ni wa nani?

Neno ubunifu limezoeleka vibaya kwetu. Tukilisikia tunafikiri habari za mitindo ya mavazi, kadi za harusi au mapambo ya ukumbi. Hayo pia ni ubunifu, wala siyadharau. Lakini kila kitu kilichotengenezwa na binadamu kilibuniwa na mtu, na mtu huyo aliamua, kwa kujua au kwa kutojua, nani atakitumia kwa raha na nani atabaki nje. Urefu wa ngazi ni uamuzi. Umbali wa kisima ni uamuzi. Choo cha shule kisicho na mlango wala maji ni uamuzi, na anayelipa gharama yake ni msichana aliyevunja ungo, ambaye kila mwezi hukosa masomo siku kadhaa. Ukosefu wa usawa haukai katika mioyo ya watu wabaya tu. Umejengwa pia katika matofali, nao hudumu hata baada ya waliojenga kustaafu.

Niruhusuni nikiri kosa langu mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita, katika parokia moja niliyokuwa nikiihudumia, tulijenga ukumbi. Tulichanga kwa miaka minne, waamini wakauza mahindi na mbuzi, na mwishowe jengo likasimama, zuri, lenye baraza pana na ngazi saba za saruji mbele. Siku ya uzinduzi nilihubiri juu ya umoja. Mzee mmoja aliyekuwa na ulemavu wa miguu, ambaye alikuwa hajakosa kutoa mchango wake hata mwezi mmoja, alibaki chini ya mwembe akinisikiliza kwa kipaza sauti. Baadaye nilikwenda kumsalimu. Akaniambia kwa upole, "Padre, jengo ni zuri. Ila hamkuniuliza nitaingiaje." Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimesoma falsafa na teolojia kwa miaka mingi, na sikuwa nimeona ngazi saba.

Aliyetuokoa na aibu hiyo ni fundi mwashi wa kawaida kutoka miongoni mwa waamini. Alieleza kwamba mteremko mzuri kwa kiti cha magurudumu unahitaji urefu wa sentimita 12 kwa kila sentimita moja ya kupanda. Ngazi zetu saba zilikuwa na kimo cha kama mita moja. Kwa hiyo mteremko ulihitaji zaidi ya mita 12, tena uwe na mahali pa kupumzikia katikati. Akapima kwa kamba, akakunja njia kuzunguka upande wa mashariki, akaijenga kwa Jumamosi chache pamoja na vijana. Tangu hapo akina mama wajawazito, wazee wenye fimbo na watoto wadogo wameacha ngazi, wanapita kwenye mteremko. Kilichojengwa kwa ajili ya mmoja kimewafaa wengi. Lakini ukienda kwenye ukumbi ule utaona jiwe la uzinduzi lenye jina langu na majina ya wafadhili. Jina la fundi halimo. Hilo nalo ni kosa langu, na ndilo lililonisukuma kuandika maneno haya.

Kumbukeni pia kwamba Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inataka majengo yanayotumiwa na umma yafikike kwa wote. Basi fundi yule hakutufanyia hisani. Alituwezesha kutimiza wajibu. Hata katika Injili wako watu wanne waliomleta mgonjwa wa kupooza, wakakuta mlango umezibwa na umati, wakabuni njia ya kumshusha kutoka darini. Majina yao hatuyajui hadi leo.

Kitanda usichokilalia

Wahenga walisema kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Hapo ndipo ubunifu wa haki unapotofautiana na ubunifu wa amri, nasi watu wa Mara tunao ushahidi wa karibu.

Mwalimu Julius Nyerere, mtoto wa Butiama, aliitamani Tanzania yenye usawa kwa moyo wake wote. Uadilifu wake unajulikana, na mwaka 2005 Jimbo la Musoma lilianzisha mchakato wa kumwombea atangazwe Mwenye Heri. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, wananchi walihimizwa kuishi pamoja katika vijiji vya ujamaa. Mwanzoni ilikuwa kwa hiari. Lakini mwishoni mwa mwaka 1973 kuishi vijijini kukawa amri, na katika operesheni za miaka iliyofuata mamilioni ya watu walihamishwa nchini kote. Hapa Mara operesheni ilipita mwaka 1974, na wazee wetu wanaikumbuka.

Tuwe wa kweli kwa pande zote mbili. Vijiji vilileta shule, zahanati na maji karibu na watu wengi ambao hawakuwa wamewahi kuviona. Watoto wa maskini walisoma. Lakini mchoro wa vijiji vingi ulitoka juu: nyumba zikapangwa kwa safu kama askari, mashamba yakabaki mbali, malisho yakakanyagwa, na waliokataa waliondolewa kwa nguvu, wengine wakaona nyumba zao zikibomolewa. Mama aliyejua ni wapi mtama unastawi na ni wapi maji hutuama wakati wa masika hakuulizwa. Nia ilikuwa usawa, lakini penseli ilikuwa mkononi mwa ofisa. Baada ya muda wengi walirudi taratibu kwenye viunga vyao vya zamani.

Simlaumu Mwalimu kwa kutaka mema. Nasema tu kwamba mema yasiyobuniwa pamoja na wale wanaoyahitaji hugeuka mzigo mgongoni mwao. Ramani ya vitongoji ambayo nimeieleza imefuata njia nyingine: mgeni alichora mistari, lakini majina yametolewa na mwenyeji. Bila mwenyeji ramani ile ingekuwa picha ya mapaa tu.

Wapo wengine

Tusidhani kwamba watu wa aina hii ni wachache. Beda Amuli, miongoni mwa wasanifu majengo wa kwanza Waafrika katika Afrika Mashariki, ndiye aliyesanifu Soko la Kariakoo lililojengwa Dar es Salaam katika miaka ya 1970. Alilipa paa lenye umbo la miavuli iliyogeuzwa, linalopitisha hewa na kukinga maji ya mvua, ili muuza mchicha na muuza dagaa wapate jengo lenye hadhi ya taifa. Soko hilo liliungua Julai 2021, na sote tuliona jinsi taifa zima lilivyoshtuka.

Askwar Hilonga, mzaliwa wa kijiji cha Gongali wilayani Karatu, alibuni chujio la maji linaloweza kurekebishwa kulingana na uchafu uliopo katika maji ya mahali husika. Mwaka 2015 alishinda tuzo ya ubunifu wa uhandisi kwa Afrika inayotolewa na Royal Academy of Engineering ya Uingereza, akiwa wa kwanza kuipata. Msanifu Victoria Heilman na wenzake wanawake waliunda chama cha kujitolea kujenga makazi bora kwa wanawake wa vijijini wasio na uwezo. Na nje ya mipaka yetu, Francis Kéré wa Burkina Faso alianza kwa kuwajengea watoto wa kijiji chake cha Gando shule ya msingi ya matofali ya udongo, iliyokamilika mwaka 2001. Wanakijiji wenyewe walishiriki kuijenga, na paa lake liliinuliwa ili joto litoke. Mwaka 2022 alipewa Tuzo ya Pritzker, ambayo ni ya juu kabisa kwa wasanifu majengo duniani, na alikuwa Mwafrika wa kwanza kuipokea.

Tunafurahi wa mbali wanapoona. Lakini methali yetu inasema mcheza kwao hutunzwa, haisemi mcheza kwao husubiri kutunzwa ugenini. Ni aibu kwa ukoo ikiwa mtoto anayecheza vizuri anatuzwa na wapita njia huku shangazi zake wamekaa wamekunja mikono. Hapa Mara tunajua sana kutunza. Tunatunza kwenye harusi, tunatunza ngoma ya ritungu, tunamvika vitenge mgeni rasmi aliyefika kwa saa mbili na kuondoka na msafara wake. Iweje mikono yetu iwe mizito kwa aliyekaa nasi miaka kumi?

Hoja ninazozisikia

Wapo watakaosema kwamba mambo ya ukeketaji ni ya mila, na kwamba anayeyatangaza anaaibisha mkoa. Nawajibu kwa heshima. Mila ni mali yetu, na kazi ya mwenye mali ni kuchambua. Babu zetu walichambua mbegu kila msimu, wakaacha zilizooza. Aibu ya mkoa ni damu ya mtoto; taarifa iliyomwokoa ni sifa yetu. Tena wapo wazee wa mila na hata waliokuwa ngariba ambao wametupa visu vyao. Hao nao wanastahili kutajwa, kwa kuwa aliyebuni namna nyingine ya kumwingiza msichana katika utu uzima, kwa mafundisho na sherehe pasipo kumkata, amefanya ubunifu mgumu kuliko wa saruji.

Wengine watasema kwamba kazi hizi zina fedha za wageni, kwa hiyo si zetu. Ni kweli kwamba misaada ya nje imo. Lakini ni nani anayefungua mlango saa nane za usiku? Ni nani anayetishwa na ukoo wa msichana, kisha kesho yake anakutana nao sokoni? Fedha ikikatika mgeni hurudi kwao. Mwenyeji hubaki na mlango wake. Ikiwa tunataka kazi iwe yetu, dawa ni kuichangia, si kuinung'unikia.

Na wapo wenye hofu ya haki kabisa: kwamba ramani inayookoa inaweza pia kufichua. Hiyo ni kweli. Kisu hukata nyama, hukata na kidole. Ndiyo maana katika tahariri hii sikutaja mahali hasa zilipo nyumba salama, wala jina la msichana yeyote. Mbunifu wa haki hujiuliza nini kiingie katika mchoro, na hujiuliza vilevile nini kiachwe nje ili mdogo asidhurike.

Tufanye nini?

Heshima isiyogharimu kitu ni maneno matupu. Naomba kamati za Haki na Amani za parokia zetu, pamoja na viongozi wa madhehebu mengine na serikali za vijiji, wayatafakari mambo yafuatayo.

Kwanza, kila jumuiya ndogo ndogo imtaje mtu mmoja katika eneo lake ambaye kwa kubuni kitu au utaratibu fulani amemfungulia mlango aliyekuwa nje. Anaweza kuwa fundi aliyepanua mlango wa choo cha shule, mama aliyegundua kwamba kisima kilicho kando ya kilabu cha pombe hakiwafai wasichana, au kijana aliyekipa kitongoji chake jina katika ramani. Asiulizwe cheti, dini wala kabila lake. Yaulizwe maswali matatu tu: je, wanaohitaji walishirikishwa wakati wa kuchora? Je, aliyekuwa wa mwisho amefikiwa? Je, kazi itaendelea hata mwanzilishi asipokuwepo?

Pili, majina hayo yatajwe hadharani. Kila mwaka dunia huadhimisha siku 16 za kupinga ukatili wa kijinsia, kuanzia tarehe 25 Novemba hadi tarehe 10 Disemba, Siku ya Haki za Binadamu. Siku hizo zinaangukia wakati ule ule wa likizo tunaouogopa. Hakuna majira yanayofaa zaidi. Msichana anayesikia kanisani, msikitini au katika mkutano wa kijiji jina la mama anayeweza kumkimbilia, amekwisha kupewa nusu ya njia.

Tatu, zawadi iwe ile ambayo kazi yenyewe inaihitaji. Badala ya cheti chenye fremu, mpeni vocha za simu za mwaka mzima. Badala ya kitenge cha tano, mpeni baiskeli, taa ya jua, mifuko ya saruji au mafuta ya gari kwa usiku mmoja wa hatari. Ikiwa ametishwa, heshima yake ya kwanza ni ulinzi: mtendaji wa kijiji na polisi wajue jina lake na wajibu anapopiga.

Nne, na hili ndilo kubwa, wapewe kiti. Kijiji kinapopanga mahali pa kujenga darasa, halmashauri inapochora barabara, parokia inapotaka kujenga ukumbi, watu hawa waitwe kabla ya msingi kuchimbwa. Kumpongeza mtu kwa kurekebisha makosa yetu, kisha kuendelea kukosea bila kumwuliza, ni kumdhihaki.

Kwa upande wangu nimeanza pale nilipokosea. Nimewaandikia viongozi wa parokia ile nikawaomba waweke jiwe dogo mwanzoni mwa mteremko, lenye jina la fundi na la mzee aliyeuliza swali. Mzee mwenyewe amekwisha kutangulia mbele za haki. Fundi bado yupo, anajenga.

Shule zitafungwa tena mwaka huu. Kabla hazijafungwa, kila kamati ichukue karatasi, iandike majina ya vitongoji vyote vya parokia yake, na mbele ya kila kitongoji iandike jina la mtu mmoja ambaye msichana anaweza kumpigia usiku. Mahali jina litakapokosekana, tutakuwa tumejua kazi yetu inaanzia wapi.